Nani Kasema Baiskeli Ni ya Magunia Tu?

Kuna maneno ambayo mtu wa Kalemie anayepanda kinga kwa mashindano huyasikia mara nyingi hadi anaweza kuyatamka kabla msemaji hajafungua kinywa. Wazee huyasema wakiwa kivulini, vijana wa pikipiki huyasema wakingoja abiria, na mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, aliwahi kuniambia kwa huruma ya kweli, akinitazama nilivyolowa jasho: "Mwanangu, kinga ni ya kubebea mzigo. Mashindano ni ya watu wenye lami na pesa. Unajichosha bure." Kinga, kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ni baiskeli. Ndivyo tunavyoiita upande huu wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na majirani zetu Warundi nao huiita karibu hivyo hivyo.

Nataka kumjibu yule mama kwa heshima zote, na kupitia kwake niwajibu wote wanaosema kama yeye, wakiwemo wasomi na viongozi wanaoyasema maneno hayo hayo kwa Kifaransa kizuri: kwanza barabara, kwanza vifaa, kwanza wafadhili, mchezo utakuja baadaye. Nasema wamekosea, na kosa lao si dogo.

Nakiri kwanza kwamba maneno yao hayatoki kwenye dharau. Yanatoka kwenye macho yaliyoona. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville na Wabelgiji, na kwa miaka mingi mizigo ya nchi ya ndani ilishuka kwa treni hadi bandarini. Leo treni ikichelewa haihesabiwi kwa saa. Aliyebaki njiani ni mwanaume mwenye kinga yake ya Phoenix: magunia ya makala, yaani mkaa, yamefungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi kuukuu, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili aiongoze kinga akitembea pembeni, kwa kuwa kukaa juu yake hakuwezekani tena. Kupanda mlima anaisukuma kwa kifua. Kushuka anaizuia kwa visigino. Kule Kisangani, wakati wa vita vya mwisho wa miaka ya 1990, mafuta yalipokauka, walioendelea kubeba watu walikuwa vijana wa toleka na baiskeli zao. Na hata kabla ya hapo, mwaka huo huo wa 1915, Waingereza walipozivuta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, nchi kavu kupitia Katanga hadi ziwa letu ili wapigane na Wajerumani, kazi ile ilisimama juu ya migongo na miguu ya wenyeji. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona miguu inazunguka pedali, haoni mchezo. Anaona njaa inayotafuta chakula. Namwelewa.

Lakini tazama alichokifanya. Amechukua ushahidi wa nguvu zetu akaugeuza kuwa ushahidi wa umaskini wetu. Mtu anayesukuma zaidi ya kilo mia kwa siku nzima juu ya njia ya udongo, sisi tunasema si mwanamichezo kwa sababu ni mbeba mzigo. Kijana wa Ulaya anayepanda baiskeli ya maelfu ya dola kwa saa mbili siku ya Jumamosi, huyo tunasema ni mwanamichezo. Ni kipimo gani hiki?

Mimi nilipata jibu langu barabarani. Shindano langu la kwanza lilikuwa la sikukuu ya uhuru, Juni 30, la kundi zima kuondoka pamoja. Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mashindano iliyokwishatumika, iliyofika kwa mashua kutoka Bujumbura, yenye gia kumi, nami niliamini gia hizo zingenipa heshima. Tuliondoka tukiwa kama thelathini. Mbele kulikuwa na vumbi, nyuma kulikuwa na vumbi, na katikati watu walisukumana viwiko kutafuta mgongo wa kujificha. Asiyewahi kushindana hajui jambo hili: katika kundi, anayekaa nyuma ya mwenzake anaokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, theluthi moja au zaidi, kwa kuwa wa mbele ndiye anayeipasua hewa. Basi mbio za kundi ni mchezo wa miguu, lakini pia ni mchezo wa ujanja, wa kujua nani umfuate, lini utoke, na nani anakutumia kama ukuta wa upepo. Nilijificha vizuri. Nilidhani nimeelewa kila kitu. Kisha tukaanza kupanda kilima, na mwanaume mmoja mwenye Phoenix isiyo na gia hata moja, keria ikiwa bado imefungwa nyuma, alinipita kwa upande wa kushoto bila hata kusimama juu ya pedali. Hakuwa na hasira wala haraka. Alipita kama mtu anayekwenda sokoni. Wiki nzima alikuwa akishusha mkaa kwa njia ya Nyunzu, na kwake kilima kile bila magunia kilikuwa tambarare.

Miezi miwili baadaye baadhi yetu tulipanga mbio za saa. Tuliita hivyo kwa sababu kila mtu anaondoka peke yake, dakika mbili nyuma ya mwenzake, na anashindana na saa tu. Kilomita kumi kwenda, mti, kugeuka, kilomita kumi kurudi. Umbali tuliupima kwa kifaa cha pikipiki, mara mbili, ili asitokee wa kubisha. Mwalimu wa shule ya msingi alishika saa, na mwanafunzi wake aliandika kwenye daftari. Mimi na gia zangu kumi nilitumia dakika 45 na sekunde 2. Yule wa Phoenix alitumia dakika 43 na sekunde 10. Hakukuwa na mgongo wa kujificha, wala mtu wa kumsingizia. Kesho yake nilimwona akisukuma magunia yake kama kawaida, na watu wa barazani hawakuinua hata macho. Hawakujua wanamtazama mtu mwenye kasi kuliko wote mjini, maana walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kinga ni ya mzigo.

Hapo ndipo hoja ya vifaa nayo inapoanza kuyumba. Wanasema bila baiskeli ya kaboni hakuna mashindano. Tuhesabu. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare hutumia takriban sehemu nane au tisa kati ya kumi za nguvu zake kusukuma hewa, na hewa hiyo haiigongi fremu sana. Inagonga kifua, mabega na kichwa cha mpandaji. Kuinamisha mgongo na kukusanya viwiko hakuuzwi dukani. Kwenye njia yetu ya udongo tunakwenda polepole zaidi, hivyo udongo nao unadai haki yake, lakini tairi iliyojazwa upepo kwa kipimo na mnyororo uliosafishwa na kutiwa mafuta ni kazi ya fundi yeyote wa kinga chini ya mwembe. Sitaficha upande wa pili. Kupanda mlima ni jambo jingine. Baiskeli za mabingwa haziruhusiwi kupungua kilo 6.8, Phoenix ina kilo ishirini hivi, na hizo kilo kumi na tatu mpandaji mwenye kilo 65 atazilipia kwa dakika kadhaa kwenye mlima wa nusu saa. Sawa. Lakini huyo wa kilo 6.8 yuko wapi hapa Kalemie? Tukishindana Phoenix kwa Phoenix, mzani umelingana. Tunahukumu mashindano yetu kwa baiskeli ambayo hakuna hata mmoja wetu anayo, kisha tunasema mashindano hayawezekani.

Wanaodai lami kwanza ningewaomba wasome historia ya mbio za saa zenyewe. Hazikuzaliwa na serikali wala na utajiri. Mwishoni mwa karne ya 19, polisi wa Uingereza waliwasumbua wapanda baiskeli walioshindana barabarani, na chama chao wenyewe, National Cyclists' Union, kikaogopa na kupiga marufuku mashindano kwenye barabara kuu. Mwaka 1895 Frederick Thomas Bidlake akatafuta njia: kila mtu aondoke peke yake, asionekane kama anashindana na yeyote. Waliamka alfajiri. Walivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi miguuni ili wasivute macho. Njia walizipa majina ya siri. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za kawaida, wanaorudi kazini Jumatatu. Tour de France, pamoja na ukubwa wake wote, ilingoja hadi 1934 kuziingiza mbio za saa katika ratiba yake. Kwa hiyo jambo ambalo leo mabingwa hulifanya kwa baiskeli za ajabu na kofia zenye mkia, lilianzishwa na watu wasio na ruhusa ya barabara, wakiwa na saa mkononi na kiza cha alfajiri. Sisi tuna barabara ya Nyunzu, ambayo Jumapili asubuhi hupita malori machache. Tumewazidi.

Na kama mtu anadhani mbeba mzigo hawezi kufika mbali, mifano haiko mbali na ziwa hili. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mtu wa Singapore, aliwachukua Wakenya wawili hadi Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France wenye kona 21. Mmoja, Zakayo Nderi, alikuwa mng'arisha viatu. Mwingine, Samwel Mwangi, alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na kidogo, muda ambao hakuna mpandaji wa kulipwa angeucheka. Rwanda nayo haikuanza na barabara za Kigali zinazoonekana kwenye televisheni leo. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alipofika huko mwaka 2007 kuunda timu, aliwapima vijana waliojifunza kupanda kwenye milima ile ile wanakopitisha viazi na ndizi. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, aliibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Kule Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah alikuwa akikarabati baiskeli kuukuu nyumbani kwake na kuwafundisha watoto wa kijiji. Kati ya watoto hao alikuwemo mzungu mmoja mwembamba, mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome. Froome huyo aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 na kushika nafasi ya 17 katika mbio za saa. Miaka saba baadaye alishinda Tour de France, akairudia mara tatu. Kinjah hakumngoja mfadhili.

Upande wa kusini wa ziwa kubwa jingine, Victoria, huko Mwanza, kumekuwa na mashindano ambamo Wasukuma wa kawaida, waliozoea kupanda baiskeli kwenda shamba na mnadani, hujipanga barabarani mbele ya umati. Wanawake walikuwa na mbio zao. Watu wenye ulemavu wa miguu walikuwa na zao, kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Hapo hakuna aliyeuliza kama baiskeli ni ya mzigo au ya mchezo. Ilikuwa ya vyote viwili.

Mara nyingine najiuliza wazo hili tulilipata wapi. Wabelgiji ni watu wanaoabudu baiskeli. Huko kwao mtoto wa muuza duka anaweza kuwa mfalme kwa miguu yake, na Eddy Merckx, mtoto wa muuza duka hasa, alishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wetu. Kwa miaka zaidi ya hamsini watu hao walitutawala. Walituachia baiskeli kama chombo cha tarishi, cha katekista, cha mfanyakazi anayewahi zamu kiwandani Filtisaf. Ule upande mwingine wa baiskeli, upande ulioijaza mitaa ya kwao kila Jumapili, hawakuwa na haja ya kutufundisha. Mwenye kusema leo kwamba kinga ni ya kazi tu anadhani anasema hekima ya mababu. Mababu hawakuwa na kinga. Anarudia mpango wa ofisi ya zamani.

Sasa niseme kuhusu kushindwa, maana hili ndilo swali linalonikera kuliko yote. "Umeshinda?" Nikisema hapana, basi mazungumzo yamekwisha. Mimi sijawahi kushinda shindano hata moja. Nafasi yangu nzuri kabisa ni ya tano. Lakini Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza tangu yaanze, wanaume zaidi ya 160 waliondoka Kigali kwa safari ya kilomita 267.5 na milima isiyoisha, na waliofika mwisho ni 30. Tadej Pogačar alishinda. Wengine wote, wakiwemo watu ambao hii ndiyo kazi yao na mshahara wao, walishindwa au waliishia njiani. Ni nani aliyewaambia wamejichosha bure? Siku chache kabla ya hapo, katika mbio za saa, huyo huyo Pogačar alipitwa njiani na Remco Evenepoel aliyeondoka dakika mbili na nusu nyuma yake, mbele ya macho ya ulimwengu. Akaendelea kukanyaga hadi mwisho, akaandikwa wa nne. Mashindano ndivyo yalivyo: mshindi mmoja, na wengine wote waliokubali kupimwa.

Na katika kukubali kupimwa ndipo penye faida ambayo watu wa "unajichosha bure" hawaioni. Fikiria mji wetu. Mashua inaondoka ikijaa. Mshahara unakuja ukija. Umeme wa kutoka mtambo wa Bendera unawaka na kuzima bila kuaga. Ukienda ofisini unaambiwa pita kesho, na kesho unaambiwa vile vile. Mtu anaweza kuishi Kalemie miaka ishirini bila kukutana na jambo moja linalotokea saa ile ile lililotangazwa. Basi njoo Jumapili alfajiri kwenye mbio za saa. Mwalimu anasema namba saba ataondoka saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, na ikifika dakika ya kumi na mbili namba saba anaondoka, awe yuko tayari au hayuko. Akichelewa kwa sababu alikuwa akifunga viatu, saa imekwisha kuanza. Mtoto wa mkubwa na mbeba mkaa wanaandikwa kwenye daftari moja, kwa kalamu moja. Hakuna bahasha inayoweza kupunguza sekunde. Nimewaona vijana wakisimama kuzunguka daftari lile kwa muda mrefu kuliko walivyokaa juu ya baiskeli, wakisoma majina na namba kwa sauti ya chini. Ni kitu ambacho hawajakizoea: maandishi ya mjini mwao yanayosema kweli.

Sisemi mbio za kundi hazina thamani. Nazipenda, na kwa siku ya sikukuu hakuna kinachozizidi. Lakini ndizo rahisi kuharibika. Mwaka mmoja niliona kwa macho yangu mshindi akitangazwa ambaye alikuwa ameshika pikipiki kwenye kilima, upande wa pili wa kona ambako waandaaji hawakuweka mtu. Tulilalamika. Tuliambiwa zawadi imekwisha kutolewa. Nusu ya waliolalamika siku ile hawakurudi tena kushindana, na siwalaumu. Ndiyo maana nasema mji kama wetu uanze na mbio za saa: ni mchezo ambao wizi wake hauna pa kujificha, kwani njia inakwenda na kurudi, na kila mtu anakutana uso kwa uso na wenzake wote.

Najua pia kuna msomaji aliyekunja uso nilipoitaja Kigali. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na majuma yale watu waliteremka hapa Kalemie kwa mashua kutoka Uvira, wakiwa na mabegi na watoto. Kulikuwa na Wakongomani ambao hawakutaka hata kusikia habari za mashindano yale. Hasira hiyo ninayo na sitaki mtu aniondolee. Lakini wengine wameigeuza kuwa hoja dhidi ya baiskeli yenyewe: nchi iko vitani, nyie mnacheza. Hilo silikubali. Vita havikusimamisha mpira wa miguu, havikusimamisha ndombolo, wala hakuna aliyewahi kusema visimamishe. Miongoni mwa wale waliofika kwa mashua alikuwamo kijana wa Uvira aliyekuja nyumbani kwangu akaniomba nimwazime kinga kwa saa moja tu. Nilimpa. Alirudi baada ya saa mbili, akaiegemeza ukutani, akakaa chini bila kusema, na uso wake ulikuwa tofauti na ule aliokuja nao. Sihitaji mtaalamu wa kunieleza kilichotokea barabarani.

Hoja ya njaa ndiyo nzito kuliko zote, na wanaoileta wana haki ya kujibiwa. Saa moja ya kukanyaga kwa nguvu inachoma kalori 600 au zaidi, yaani sahani nzuri ya bukari, ugali wetu. Mtu anayekula mara moja kwa siku asishindane akiwa na tumbo tupu. Hilo nitalisema mbele ya yeyote, na tumewahi kumrudisha kijana nyumbani kwa sababu hiyo. Lakini mbeba mkaa anachoma kiasi hicho mara nyingi kwa siku moja, na hakuna aliyewahi kumwambia aache kwa kuwa anapoteza chakula. Mbio za kilomita 20 mara moja kwa mwezi hazimwongezei njaa. Zinampa kitu ambacho magunia hayajawahi kumpa, yaani jina lake kuandikwa. Hatari nayo ipo. Suleiman Kangangi wa Kenya, mpandaji hodari na mwalimu wa wengi, alifariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani. Barabara haina urafiki. Ndiyo sababu ya alfajiri, sababu ya kuondoka mmoja mmoja, sababu ya kofia ngumu hata kama ni ya kuazimana.

Kwa wasichana nina neno moja. Wengi wao hapa hawajafundishwa hata kupanda, eti si heshima. Mwanza wamepanda, Kigali wamepanda, na wazazi wao wana heshima zao kamili. Baba mwenye binti na kinga, amfundishe.

Sitaki lami kutoka kwa mtu yeyote ili niendelee. Lami ikija, vizuri, tutaipanda. Ninachotaka kutoka kwa manispaa ni askari wawili, mmoja mwanzo wa njia na mmoja kwenye mti wa kugeukia, kwa saa tatu za asubuhi moja kila mwezi. Kutoka kwa shule, mwalimu mwenye saa. Kutoka kwa wafanyabiashara wanaonunua mkaa, jambo dogo: mwulize anayekuletea gunia lako anatumia muda gani kutoka kilomita kumi, na umwambie kuna mahali panapoandika jibu. Na kutoka kwa yule mama wa ndagala, ambaye bado ananunua mkaa wake kwa mwanaume aliyenipita kilimani, naomba aje siku moja asimame kando ya njia, atazame nani anarudi wa kwanza.

Tunaondoka Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wa kiangazi, saa kumi na mbili asubuhi kamili, mwisho wa mji, barabara ya Nyunzu. Njoo na kinga uliyo nayo.